Pikipiki imeanguka, sasa haiwaki

Swali: Fundi, pikipiki yangu ya kabureta imelala ubavu kwenye tope. Nimeinyanyua, napiga kiki hadi mguu unauma, haiwaki. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Acha kiki kwanza. Ikilala, petroli hufurika kwenye kabureta, ikaingia kwenye silinda na kulowesha plagi. Funga koki ya mafuta, kagua kama kuna petroli inayovuja, na uangalie oili. Hakikisha swichi nyekundu ya kuzimia haikuguswa ilipoanguka. Weka nyutro, subiri dakika 10. Kisha, bila choki, zungusha mshikio wa mafuta hadi mwisho upige kiki. Ikiwaka, achia mshikio upesi, ufungue koki. Ikigoma, fungua plagi, ikaushe, uirudishe. Usivute sigara karibu!