DARSA YA RAMADHANI, SIKU YA 19: "Mwambie daktari anipumzishe"

Natumai daku imeliwa na Alfajiri imeswaliwa kwa jamaa.

Leo nilikuwa nimeandaa zaka, lakini zaka itasubiri. Juzi baada ya Tarawehe dada mmoja wa hapa hapa msikitini alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita, nusu yake ni kilio. Kwa idhini yake nalileta suala lake bila jina. Mama yake ana saratani ya shingo ya kizazi, imeshaenea. Hospitali wamesema mionzi haitasaidia tena, wakamruhusu kurudi nyumbani na chupa ya mofini ya kunywa. Mama hataki kuinywa mchana kwa kuwa amefunga. Jioni inapofika maumivu yameshampita nguvu. Usiku mmoja akamshika bintiye mkono akasema, "Mwanangu, mwambie daktari anichome sindano nipumzike moja kwa moja." Kaka yao anaishi Kanada. Alipopigiwa simu akasema kule kwao jambo hilo sheria inaliruhusu, mtu anajaza fomu. Sasa dada anauliza: kwa dini yetu likoje? Na hii mofini si ndiyo sindano hiyo hiyo, ila inaua polepole?

Kaka hakusema uongo. Uholanzi walipitisha sheria ya kifo cha huruma ikaanza kutumika Aprili 2002, na Ubelgiji wakafuata mwaka huo huo. Kanada waliruhusu mwaka 2016 kwa mgonjwa ambaye kifo chake kinatazamiwa, kisha 2021 wakafungua mlango hata kwa ambaye kifo chake hakijakaribia. Jimbo la Oregon, Marekani, tangu 1997 daktari anaweza kumwandikia dawa mgonjwa anayekadiriwa kubakiwa na miezi 6 au chini, akainywa mwenyewe. Wanaotetea sheria hizi si watu makatili, tusiwasingizie. Wanasema mwili ni wa mtu mwenyewe, na kumwacha mtu aungue kwa maumivu wakati dawa ya kumlaza ipo ni ukatili. Ukishakesha na mgonjwa wa saratani unaelewa maneno hayo yanatoka wapi.

Lakini sisi tunaanzia pengine. Mwili huu ni amana, na mwenye amana hakutupa ruhusa ya kuirudisha siku tunayotaka. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, Allah amekataza tusijiue, na papo hapo akajitaja kwamba Yeye ni mwenye kuturehemu. Angalia mpangilio huo: katazo na rehema vimekaa pamoja. Mtume (s.a.w.) naye alikataza mtu kutamani mauti kwa sababu ya dhara lililompata. Akizidiwa kabisa, amwombe Allah ambakishe ikiwa uhai una kheri naye, na amchukue ikiwa kifo kina kheri naye. Kwa hiyo sindano ya kumuua mgonjwa, hata akiiomba mwenyewe na hata anayeichoma akilia kwa huruma, ni haramu. Daktari anayechoma ameua, na anayemtafutia mgonjwa sumu amesaidia kuua. Sheria za nchi zetu nazo zinalihesabu hilo kuwa kosa kubwa.

Hapa nataka tusimame kidogo, maana wengi wetu tukishasema "haramu" tunafunga kitabu na kwenda kufuturu.

Je, mama huyu amekufuru kwa maneno yake? Hapana, jamani. Nabii Ayyub (a.s.) alimlilia Mola wake kuwa dhara limemgusa, na Allah akamsifu kwa subira. Kulia maumivu si kukosa subira. Hata yule aliyekwisha kujidhuru kweli, ulimi wetu uwe na adabu juu yake. Sahaba Tufayl bin Amr alihajiri na mtu wa kwao, mtu yule akaugua, subira ikamwisha, akaijeruhi mikono yake akafa. Tufayl akamwota akiwa amesamehewa kwa hijra yake, ila mikono imefunikwa. Mtume alipoelezwa ndoto ile, aliiombea msamaha na hiyo mikono. Basi na sisi tusigawe moto kwenye misiba ya watu.

Jambo la pili. Kule Oregon, taarifa zao za kila mwaka huandika sababu walizotoa wagonjwa walioomba dawa ile. Maumivu hayaongozi orodha. Zinazotajwa zaidi ni kupoteza uwezo wa kujiamulia, kushindwa kufanya yale yaliyokuwa yakiwapa raha, na kushuka heshima. Hofu ya kuwa mzigo kwa jamaa nayo imo. Sasa wasikilize wazee wetu: "Nawasumbua tu." "Mnatumia hela bure." Ni maneno yale yale! Mgonjwa wetu tunamtembelea watu ishirini kwa mkupuo, tunamwachia juisi asiyoweza kunywa, tunasimuliana mbele yake nani alikufa kwa ugonjwa kama wake, halafu saa mbili usiku anabaki na binti mmoja ambaye hajalala siku tatu. Nani hapo hatajiona mzigo?

Tofautisheni na hili: kuacha tiba isiyo na faida si kujiua. Kuna mwanamke alimjia Mtume (s.a.w.) akiwa na kifafa, akaomba aombewe dua. Akapewa hiari: asubiri naye apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri. Ila akaongeza ombi moja, kwamba anapoanguka nguo humfunuka, basi aombewe asifunuke. Akaombewa. Kwa kisa hiki na vingine mafakihi wengi, wakiwemo Mashafii, hawakuifanya tiba kuwa wajibu kwa kila mgonjwa. Nami ombi lile la kutofunuka hunigusa kila nikilisoma: ugonjwa aliukubali, sitara yake hakuiachia. Badilisheni shuka za mgonjwa, mfunikeni anapogeuzwa, mtoeni mtoto wa kiume chumbani. Hiyo ni heshima ambayo haihitaji fomu ya Kanada.

Mashine ya kupumulia nayo huulizwa sana. Baraza la kimataifa la Fiqhi lilikaa Amman mwaka 1986 likaamua kwamba madaktari bingwa wakithibitisha ubongo wote umekufa na hautarudi, inafaa kuondoa mashine. Na mgonjwa anayekata roho asiyeweza kumeza tena, msimlazimishe uji ukampalia. Lowesheni midomo yake kwa maji. Hamjamuua kwa njaa, mwili wenyewe umeshafunga mlango.

Turudi kwenye mofini. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari, kuanzia kidogo na kuongezwa kadiri ya maumivu, si sumu ya polepole. Inazima maumivu, mtu analala, anaongea, anaswali kwa ishara. Inafunga choo, kwa hiyo mwombeni daktari na dawa ya kulainisha. Uganda wamekuwa wakiwapa wagonjwa mofini ya maji majumbani tangu 1993, na Dar es Salaam hospitali ya saratani ya Ocean Road inayo. Kuiita dawa ya kulevya na kumnyima mama yako ni kosa. Kinachotenganisha ni nia na kipimo: huyu anatuliza maumivu, yule anakusudia roho itoke.

Na inanywewa kila baada ya saa nne. Ukiiruka kutwa nzima, maumivu hujikusanya, na ndiyo yaliyomfanya mama aombe sindano usiku. Mgonjwa asiyetarajiwa kupona hana saumu ya kulipa, ana fidia: kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Hiyo ni ruhusa ya Allah mwenyewe, si ya madaktari.

Jana alasiri nilikwenda na mke wangu. Nilimweleza mama haya yote, akanisikiliza kimya, kisha akauliza, "Na siku nilizofunga kwa maumivu zimepotea?" Nikamwambia hazipotei kwa Allah. Akanyamaza tena. Halafu akamwambia bintiye, "Lete chupa." Ilikuwa saa kumi na robo.

Binti yake anahitaji watu wa kumpokezana usiku, akina mama wawili kwa zamu, kuanzia leo baada ya Tarawehe hadi daku. Aliye tayari aonane na kamati ya akina mama baada ya Adhuhuri. Fidia yake imeshalipwa na mtu ambaye hakutaka kutajwa.

Allahumma washushie wagonjwa wetu shifaa na wepesi. Kesho in shaa Allah, zaka ya biashara.