Jiwe Jeupe na Dhahabu ya Geita

Kusini ya ziwa la Viktoria Nyanza, kutoka Geita hata upande wa Kahama katika Shinyanga, nchi ina vilima vya mawe ya kale mno. Mtu apitaye huko baada ya mvua huona vipande vya jiwe jeupe vimetawanyika mashambani. Mkulima huvitupa pembeni, kwa maana havimfai kitu. Lakini mchimba dhahabu huviokota na kuvigeuza-geuza juani. Jiwe hilo huitwa kwatzi.

Kwatzi limefanyika kwa vitu viwili tu, silikoni na oksijeni, vilivyoshikamana kwa nguvu nyingi. Ni gumu kuliko kisu cha kawaida, na likipitishwa juu ya kioo huacha alama. Likivunjwa halibanduki kwa tabaka kama ulanga, bali hukatika kama chupa, na kingo zake hukata mkono.

Je, jiwe hili liliingiaje katika mwamba mweusi? Maana mara nyingi huonekana kama mshipa mweupe, mahali pengine mwembamba kama uzi, mahali pengine mpana kuliko urefu wa mtu. Asili yake ni maji ya moto. Zamani sana, yapata miaka milioni 2,600 iliyopita, miamba ya nchi hiyo ilipokuwa bado chini sana, ilikandamizwa na kukunjwa hata ikapasuka. Maji yakapanda katika nyufa zake, nayo yalikuwa na moto wa digrii 300 hivi, yaani mara tatu ya maji yachemkayo chunguni. Hayakugeuka mvuke, kwa sababu uzito wa mwamba uliyabana.

Kila mtu ajua ya kuwa chai ya moto huyeyusha sukari nyingi kuliko maji baridi. Vivyo hivyo maji yale yaliyeyusha kwatzi, na pamoja nalo dhahabu kidogo sana, iliyochukuliwa na salfa. Yalipofika juu yalipoa, na ufa ulipofunguka ghafula mbano ulipungua. Ndipo maji yalipoanza kuacha mzigo wake kandokando ya ufa, kama ukoko mweupe ushikavyo ndani ya birika, hata ufa wote ukajaa.

Huko Bulyanhulu, katika Kahama, dhahabu hupatikana katika mishipa ya namna hiyo, na mgodi mkubwa ulifunguliwa hapo mwaka 2001. Geita yenyewe ina jambo la ajabu zaidi. Vilima vyake vina mawe ya mistari yenye chuma kingi. Maji ya moto yalipoyapitia, chuma kiliinyang'anya dhahabu salfa yake, na dhahabu, ikiwa haina tena wa kuichukua, ikabaki palepale. Chuma na salfa vikawa madini ya manjano yang'aayo, ambayo yamewadanganya wengi. Kuyatambua si kazi: yakipigwa nyundo huvunjika na unga wake ni mweusi, lakini dhahabu hubonyea tu.

Wadachi walikuta dhahabu ya Geita mwaka 1898. Mgodi ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hata mwaka 1966, na mwingine ukaanza mwaka 2000. Mbali na migodi hiyo, wachimbaji wadogo wengi hushuka katika maduara yao, wakapandisha mawe na kuyasaga. Hawana budi kuyasaga, kwa sababu chembe za dhahabu zimefungwa ndani ya jiwe. Kisha huosha unga kwa maji: dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji, na kwatzi hata mara 3 haifiki, basi mchanga huchukuliwa na dhahabu husalia. Wengine huikusanya kwa zebaki na kuichoma, na moshi wake ni sumu.

Lakini kusaga kwenyewe kuna hatari isiyo na harufu wala uchungu. Ule ugumu uliolihifadhi kwatzi miaka hiyo yote huliwezesha pia kukaa katika mapafu. Vumbi lililo laini kupita kiasi, lisiloonekana kwa macho, huingia ndani kabisa. Mwili hauwezi kuliyeyusha, na mahali liliposhika pakafanya makovu. Miaka ikipita mtu huishiwa pumzi hata akitembea polepole. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, na mwenye nao hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi hilo. Tena sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mgodini aliye chini ya miaka 18.

Kinga iliyo bora ni kulilowesha jiwe kabla ya kulipiga na wakati wa kulisaga, maana unga uliolowa haupeperuki. Kwa sababu hiyo katika migodi mikubwa chombo cha kutobolea mwamba hupitisha maji katikati ya chuma chake, yakatoka shimoni pamoja na unga ukiwa tope jeupe.