Neno "Karibu" na Maana Zake



Mgeni akipiga hodi unamjibu, "Karibu!" Wakiwa wengi unasema, "Karibuni!" Neno hili asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni "si mbali". Katika Kiswahili limepata kazi nyingi zaidi. Tuzitazame moja moja.

1. Mahali. "Kisima kiko karibu na shule." Waweza kusema pia: jirani na shule. Kama kisima kimepakana na shule, sema: kando ya shule.

2. Wakati. "Atarudi karibuni," yaani baada ya muda mfupi. Lakini "Amerudi karibuni" ni jambo lililokwisha kutendeka. Kitenzi ndicho kinachotuonyesha.

3. Kadiri. "Tumevuna karibu magunia kumi." Maneno mengine ni takriban na kama. Msemaji hatoi hesabu kamili.

4. Kuponea chupuchupu. "Karibu aanguke mtini." Hakuanguka! Hapa neno lingine ni nusura: "Nusura aanguke."

5. Udugu na urafiki. "Huyu ni ndugu yangu wa karibu." Marafiki wasioachana husemwa kuwa ni chanda na pete.

6. Makaribisho. Anayekula humwambia anayepita, "Karibu chakula." Asiyetaka kula hujibu, "Starehe." Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kutokana na neno hili tunapata karibia, karibisha, karibiana na ukaribu. Badala ya "karibia hapa" twaweza kusema "sogea hapa" au "jongea hapa".

Jihadhari unapoandika

Katika mazungumzo, mtu asipoelewa huuliza. Karatasi haiulizwi. Fikiri juu ya hati hii ya kuuziana shamba:

"Nimemwuzia shamba langu lililo karibu na mto. Ukubwa wake ni karibu eka tatu."

Mnunuzi anasema shamba linafika mtoni. Mwuzaji anasema linaishia kwenye mwembe. Mmoja anahesabu eka tatu, mwingine eka mbili na nusu. Wote wawili wanaonyesha hati ile ile! Hati nzuri hutaja mipaka ya pande zote nne, vipimo vilivyopimwa, na majina ya mashahidi.

Hata sheria hufanya hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania, ya mwaka 2004, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Haikusema "karibu na mto" tu, kwa sababu karibu ya mtu mmoja si karibu ya mwingine.

Kwa hiyo, mkaribishe mgeni bila kupima. Lakini ukiandika habari za shamba, fedha au dawa, pima kwanza, kisha andika hesabu yenyewe. Usikubali pia kutia sahihi au dole gumba kwenye hati yenye "karibu" mahali panapotakiwa kipimo.

Maswali

1. "Karibu agongwe na gari." Je, aligongwa?
2. Kuna tofauti gani kati ya "karibu na barabara" na "kando ya barabara"?
3. Tunga sentensi mbili zenye neno "karibuni": moja ya wakati uliopita, moja ya wakati ujao.
4. Andika upya hati ya shamba iliyo hapo juu ili isilete ugomvi. Wasomee wenzako darasani, nao waseme kama kuna lililosahauliwa.