SOMO: Ukarabati wa Nyumba na Kodi ya Mapato



Mafuriko ya Mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalibomoa nyumba nyingi Kilosa, na hadi leo tunaulizwa: je, aliyenunua mabati na saruji hupata nafuu ya kodi? Kwa nyumba anayoishi mwenyewe, hapana. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 huyahesabu hayo kuwa matumizi binafsi, na VAT aliyolipa dukani hairudi. Msimwahidi mjane kitu kisichokuwepo.

Mwenye nyumba ya wageni Mikumi ni habari nyingine. Akiziba paa linalovuja, gharama hutolewa kwenye mapato ya biashara kabla ya kukokotoa kodi, mradi anatunza hesabu na ana risiti ya EFD. Anayekadiriwa kwa mauzo tu hapati. Akiongeza vyumba, hayo ni maboresho (hapa ndipo wengi hubishana): huingia kwenye gharama ya jengo, na uchakavu wake hutolewa kidogo kidogo kila mwaka.

Mjane basi atasaidiwa kupitia mfadhili. Mfanyabiashara akichangia taasisi ya hisani inayotambuliwa na Kamishna wa TRA, mchango hutolewa kwenye mapato yake, usizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Kamati iandike stakabadhi siku ileile ya kupokea.