Kutoka Chwaka hadi Maskati: ya kuweka sawa kabla ya kukata tiketi

Zamani aliyetaka kwenda Maskati alingoja upepo wa kusi, akapanda jahazi na kumwachia Mungu yaliyobaki. Siku hizi Oman Air inaruka moja kwa moja kati ya Unguja na Maskati, na abiria anakaa angani saa tano na ushei. Kilichobaki kirefu ni karatasi. Chwaka, kama vijiji vingi vya Unguja, ina watu wenye jamaa zao Oman, na kila msimu yuko anayeitwa: kwa harusi, kwa matibabu, kumtazama mama mkubwa aliyehamia huko miaka mingi, au kwa ahadi ya kazi. Makala haya ni kwa ajili yake.

Jambo la kwanza la kulijua ni kwamba utakaguliwa na watu watatu tofauti: mfanyakazi wa shirika la ndege, ofisa wetu wa Uhamiaji, na askari wa Oman ukishateremka. Wote watatu wanatafuta kitu kimoja. Wanataka jina lako, sababu ya safari na siku za kukaa viwe sawa kila vilipoandikwa, na viwe sawa na jibu utakalolitoa kwa kinywa chako. Anayeanza ndiye mkali zaidi, kwani shirika likimpakia mtu asiye na ruhusa ya kuingia, humrudisha kwa gharama yake lenyewe. Ndiyo maana watu wengine huishia kwenye kaunta ya Unguja na mabegi yao, wakidhani wameonewa.

Majina

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Pasipoti ya kielektroniki ya Tanzania, iliyozinduliwa tarehe 31 Januari 2018, huombwa kwa fomu ya mtandaoni na kukamilishwa katika afisi za Uhamiaji. Kwa Unguja makao makuu yapo Kilimani. Ada yake ni shilingi 150,000. Utatakiwa cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, cheti cha mzazi au hati ya kiapo, picha, na ushahidi wa unachokwenda kufanya.

Sasa tazama vyeti vyetu vya shamba. Cha kuzaliwa kimeandikwa Mwana Isha, cha skuli Mwanaisha, kitambulisho kinasema Mwanaaisha. Babu ni Ameir kwenye karatasi moja na Amiri kwenye nyingine; Khamis amepoteza herufi njiani akawa Hamis. Sheha na jirani wote wanajua kuwa ni mtu yule yule, ila kompyuta haina ujirani. Weka vyeti vyote mezani siku moja, uvisome herufi kwa herufi, na penye tofauti ukarekebishe au uape kiapo cha kisheria kabla hujaomba pasipoti. Ukishapewa pasipoti yenye kosa, kosa hilo litaingia kwenye viza na tiketi, na kulitoa ni gharama mara tatu.

Tiketi nayo ina mtego wake. Sisi jina la tatu ni la babu, na mtu akiulizwa jina la ukoo hujibu lolote linalomjia. Usikisie. Fungua ukurasa wa pasipoti wenye picha, tazama mistari miwili ya chini iliyojaa alama za mishale. Katika mstari wa kwanza, baada ya herufi za nchi, jina linaloanza ndilo la ukoo kwa mujibu wa mashine. Yanayofuata baada ya mishale miwili ni majina yako mengine. Mkatia tiketi anakili kutoka hapo, si kutoka kwenye ujumbe wa simu uliotumwa na shangazi. Hakikisha pia pasipoti ina uhai wa miezi sita au zaidi kuanzia siku ya kufika.

Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, au na bibi, achukue cheti chake cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi anayebaki.

Viza na sababu ya safari

Mtanzania anahitaji viza ya Oman, na viza hiyo hutolewa na Polisi ya Kifalme ya Oman kupitia evisa.rop.gov.om. Angalia mwisho wa anwani: .gov.om. Kurasa zenye sura kama hiyo lakini zenye mwisho mwengine ni za mawakala, na nyengine ni za matapeli. Viza za utalii zinazojulikana ni ya siku 10, kwa rial 5, na ya siku 30, kwa rial 20. Rial moja ni kama dola 2.60 za Marekani, kwa hiyo usiidharau kwa udogo wa tarakimu. Anayekwenda kwa jamaa anaweza kuombewa na mwenyeji wake, raia au mkaazi, ambaye hubeba dhamana ya kukaa kwako. Ada na masharti hubadilika, hivyo siku unayoomba ndiyo siku ya kusoma upya. Ukizidisha muda unatozwa faini ya rial 10 kwa kila siku. Wiki moja ya uzembe ni rial 70.

Halafu lipo lile ambalo halisemwi barazani. Wapo wanaoambiwa: njoo kwa viza ya matembezi, kazi tutaitengeneza ukiwa huku. Tangu tarehe 31 Oktoba 2023 Oman ilisitisha kugeuza viza ya utalii au ya matembezi kuwa ya kazi mtu akiwa ndani ya nchi. Anayekupa ahadi hiyo ama habari hazijamfikia, ama anajua na hajali. Kwa vyovyote, atakayekuwa nje ya sheria ni wewe, si yeye.

Kwa dada zetu wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani, hatari ni kubwa zaidi. Ripoti ya Human Rights Watch ya Novemba 2017 kuhusu wafanyakazi wa ndani kutoka Tanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu ilieleza pasipoti kuchukuliwa na waajiri, saa za kazi zisizokuwa na mwisho, na mishahara iliyokatwa au kutolipwa kabisa. Si kila nyumba iko hivyo, na wapo waliojenga nyumba zao kwa mshahara wa Oman. Lakini kazi iende na viza ya kazi na mkataba uliopita Kamisheni ya Kazi ya Zanzibar, unaotaja mshahara, siku ya mapumziko na jina la mwajiri. Nakala moja ibaki Chwaka. Piga picha pasipoti na viza, uwatumie watu wawili watatu unaowaamini. Pasipoti ikishikwa, Ubalozi wa Tanzania ulioko Maskati utaanzia kwenye picha hiyo.

Viza ya Oman, hata iwe halali namna gani, haikuingizi Dubai wala Doha. Ukipita huko kwa tiketi moja ukabaki ndani ya uwanja, kwa kawaida hakuna tabu. Ukikata tiketi mbili mbali mbali kwa sababu ni nafuu, huenda ukatakiwa utoke nje kuchukua mizigo na kuipakia upya, na hapo unahitaji viza ya nchi ile. Unafuu huo ni wa uongo.

Kuhusu afya, beba kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano. Cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kwenda kuchanja juzi ya safari ni kazi bure. Tangu tarehe 11 Julai 2016 chanjo hiyo inatambulika maisha yote. Mwenye kadi ya zamani asichanje tena kwa sababu tu imeandikwa miaka 10.

Mzigo wako na mzigo wa watu

Mtu akitangaza safari hapa kwetu, jioni yake vifurushi vinaanza kuingia. Papa mkavu wa shemeji, pweza wa kaka, unga wa dawa wa bibi fulani uliofungwa kwenye gazeti, bahasha iliyobandikwa kwa gundi. Ni ihsani, na kukataa kunaonekana kiburi. Hata hivyo uwanjani utaulizwa kama mizigo umeifunga mwenyewe, na ukisema ndiyo umeikubali yote iliyomo. Sheria ya Oman ya dawa za kulevya inafika hadi adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa ya biashara hiyo. Mirungi na bangi havina mjadala. Basi kila kifurushi kifunguliwe mbele ya mwenyewe, kitazamwe, kifungwe tena na wewe. Akikasirika, mzigo wake ubaki Chwaka.

Dawa za hospitali ziende katika paketi zake pamoja na barua ya daktari kwa Kiingereza, hasa zenye kodini, tramadol au diazepam, ambazo nchi za Ghuba huzihesabu kuwa dawa za kudhibitiwa. Unga usio na jina uache nyumbani, hata kama umemponya nusu ya kijiji. Karafuu ni zao lenye sheria yake Zanzibar, na mnunuzi wa karafuu za wakulima ni shirika la biashara la serikali, ZSTC. Ukitaka kuzipeleka zawadi nunua pakiti dukani na uhifadhi risiti. Magamba ya kasa na matumbawe usiyaguse. Samaki mkavu afungwe matabaka mengi na aingie begi la kupakia, kwa hisani ya abiria wenzio.

Begi la mkononi lina kanuni ya mililita 100 kwa kila chupa ya kimiminika, na watu wengi hawajui kuwa achari, asali na samli vimo katika hesabu hiyo. Betri ya kuchajia simu ndiyo kinyume chake: hiyo haipakiwi chini, unakaa nayo mwenyewe, na isizidi saa-wati 100.

Saa ya ndege

Tiketi ikiandika 00:40 ya tarehe 15, hiyo ni saa saba kasoro dakika 20 za usiku wa kuamkia tarehe 15. Maana yake unaondoka Chwaka magharibi ya tarehe 14. Atakayetoka nyumbani jioni ya tarehe 15 atakuta ndege iliondoka tangu jana yake usiku. Mpigie aliyekukatia tiketi, muulize: ni usiku wa kuamkia siku gani? Jibu liandikwe.

Fika uwanjani saa tatu kabla. Kaunta hufungwa takriban saa moja kabla ya kuruka na haifunguliwi kwa kubembeleza. Kutoka Chwaka hadi mjini ni kama kilomita 32, kupitia Dunga na Mwera, na daladala namba 206 inasimama kila penye mtu na kila penye tenga. Kwa ndege ya usiku usiitegemee. Kodi gari pamoja na wenzio, au lala kwa jamaa mjini. Uwanja wa Abeid Amani Karume una zaidi ya jengo moja; ndege za nje hutumia jengo namba 3, basi mwambie dereva mapema.

Ukifika

Uwanja wa Maskati uko Seeb, na jengo lake jipya lilifunguliwa Machi 2018. Saa yako isogeze mbele kwa saa moja. Kwenye dirisha la askari toa pasipoti, viza iliyochapwa, tiketi ya kurudi, na anwani na simu ya mwenyeji. Jibu fupi linatosha: nakuja harusi ya binamu, nakaa siku 12, nalala Seeb. Kiswahili utakisikia mitaani kuliko unavyotarajia, kwa kuwa wengi walihama Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 na wengine wakaitikia wito wa kurudi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Lakini dirishani usikitegemee.

Afisi za serikali hufungwa Ijumaa na Jumamosi. Kumtukana mtu hadharani au kwa simu ni kosa linaloweza kukufikisha mahakamani, kwa hiyo utani wetu wa masikani uupunguze. Usipige picha watu bila ruhusa wala majengo ya askari. Juni joto hupita nyuzi 40. Mzee asitolewe nje mchana. Simu ya dharura ni 9999.

Jamaa watakaotaka kurudisha ziara nao wajipange. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni wa kigeni anayeingia Zanzibar hulipa bima ya safari ya dola 44 kupitia Shirika la Bima la Zanzibar, mbali na viza. Bima aliyonunua kwao haihesabiki badala ya hiyo, hata awe amezaliwa Chwaka na sasa ana pasipoti ya Oman.

Na nyinyi mnaoalika kutoka huko, msimtumie mtu tiketi kabla ya viza yake kutoka. Mtumieni kwanza nakala ya viza, aisome na pasipoti mkononi, jina kwa jina na tarehe kwa tarehe. Zikilingana, ndipo mkate.