Kupogoa Miti ya Malisho: Kimo cha Mkato na Muda wa Kusubiri

Mfugaji wa Bukoba au Muleba anayenunua miche ya kaliandra au lusina hununua majani ya miaka mingi ijayo. Mche ukiwa mzima, mavuno hayo hutegemea zaidi panga. Mti uliokatwa mapema mno au chini mno hudhoofika taratibu, na mwenye nao hurudi dukani kununua pumba na mashudu.

Kaliandra ina thamani inayohesabika. Kilo 3 za majani mabichi, ambazo zikikauka hubaki takriban kilo 1, zina protini ya kumeng'enywa inayokaribiana na ile ya kilo 1 ya chakula cha ng'ombe wa maziwa cha dukani. Kumlisha ng'ombe mmoja kilo 6 mbichi kila siku huhitaji miti ipatayo 500. Ikipandwa kwa nafasi ya nusu mita, huo ni ua wa mita 250, karibu mzunguko wa kibanja cha ekari moja, nao hauinyang'anyi migomba wala mibuni nafasi yake.

Mti uliopogolewa huchipua kwa akiba iliyomo katika kisiki na mizizi. Ukikatwa tena kabla majani mapya hayajairudisha akiba hiyo, kila mkato hutoa pungufu ya uliotangulia. Ukiachwa muda mrefu mno, uzito huongezeka, lakini sehemu kubwa ni kuni. Kwa hiyo tunashauri mkato wa kwanza usubiri miezi 9 hadi 12 tangu kupandwa, nao uwe kati ya sentimita 60 na mita 1 kutoka ardhini, kwa panga kali na kwa mshazari. Panga lililotumika katika migomba yenye mnyauko lisafishwe kwanza, maana ugonjwa huo husafiri kwa vyombo.

Hatuafiki desturi ya kufyeka ua wote kwa siku moja. Mwenye miti 500 akikata 7 kwa siku, hurudi kwenye mti wa kwanza baada ya siku 71 hivi, yaani mara 5 kwa mwaka. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho hasa nyasi za rweya hupungua, na ndicho mti huchipua polepole. Sehemu ya ua iachwe bila kukatwa mwishoni mwa masika ili iwe ghala la miezi hiyo.

Majani ya kaliandra yalishwe mabichi, kwani yakikaushwa mmeng'enyo wake hushuka. Lusina ina sumu ya mimosini. Isizidi theluthi ya malisho ya siku.

Unaponunua miche, muulize mwenye kitalu jina la mti na mbegu zilikotoka, na udai risiti yenye maelezo hayo.