Wanajibu "sawa", lakini hawaji

SWALI: Mimi ni katibu wa klabu ya mazingira hapa Voi. Nikituma tangazo la kupanda miti kwenye kundi la WhatsApp, wote hujibu "sawa". Siku ikifika, wanakuja wachache. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu katibu, tangazo la watu wote halimwiti mtu yeyote. Mpigie kila mmoja simu, umpe kazi yake: wewe utachimba mashimo, wewe utaleta maji, tukutane stendi saa moja asubuhi. Mwambie pia nauli ni ya nani. Kwa mtu anayetoka Wundanyi au Taveta, hilo ndilo swali la kwanza, ingawa ataona haya kuliuliza.

Kisha itazame kalenda yao. Mvua za Novemba zinazofaa miche ndizo zinazofaa mahindi. Huko Sagalla ya chini, inayopakana na hifadhi ya Tsavo Mashariki, mkulima hukesha akilinda shamba dhidi ya ndovu, usimtarajie alfajiri. Muulize siku inayomfaa kabla hujapanga.

Wasiokuja usiwaaibishe kundini. Waliokuja washukuru kwa majina, na baada ya miezi michache watumie picha ya miche yao. Anza na simu leo jioni.